Ofisi watu 18, mafua hayaishi: naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu, chumba chetu ni mita 10 kwa 6, dari mita 3. Mmoja akipata mafua, wiki haiishi wote wanakohoa. Nianze na mashine ya kupuliza dawa ya kuua virusi au vizuizi vya plastiki mezani?

Fundi Hewa: Madirisha yanafunguka?

Mleta uzi: Kiyoyozi cha ukutani kipo.

Fundi Hewa: Hujajibu. Hicho huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Hewa mpya hakiingizi.

Mama Zamu: Wagonjwa wapumzike nyumbani bila kukatwa mshahara! Mkiwakata, watakuja wakificha kikohozi.

Mleta uzi: Haya, madirisha yamepigwa misumari, vumbi lilizidi. Lakini mita ya kaboni dayoksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua, inasoma 450 (sehemu kwa milioni), kwa hiyo hewa mpya ipo. Na mashine ya dawa nimeshailipia nusu.

Mpima: Uzi wa kutunga huu. Hewa ya nje yenyewe ni 420 hivi. Watu 18, madirisha yamefungwa, 450? Huyu anauza mashine.

Mleta uzi: Situngi jamani, mita iko mbele yangu.

Fundi Hewa: Msimrukie. Mnaingia kwa zamu?

Mleta uzi: Saa 24, kila zamu watu 18.

Fundi Hewa: Ndiyo sababu. Mita nyingi hujirekebisha zenyewe: kiwango cha chini kabisa cha siku kadhaa huchukuliwa kuwa hewa ya nje. Chumba kisichokaa kitupu huipotosha, ikasoma chini ya ukweli. Itoe nje kivulini, iache itulie, iseti upya, kisha zima kujirekebisha. Ndani ikizidi 800, ng'oa misumari. Fungua pande mbili, feni moja isukume hewa nje; upande wa pili utaingiza mpya.

Mpima: Kama ni hivyo, nafuta kauli. Chumba ni mita za ujazo 180. Lenga hewa safi ya kujaza chumba mara 5 kwa saa, yaani mita za ujazo 900. Vumbi likilazimisha kufunga, weka mashine tatu za kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana), kila moja isafishe mita za ujazo 300 kwa saa. Hiyo 300 iwe ya spidi ya kati. Ya juu ina kelele, watu wataishusha. Kichujio hakipunguzi kaboni dayoksaidi, kwa hiyo usikipime kwa mita hiyo. Vizuizi hukinga matone makubwa tu. Chembe ndogo hupita juu yake.

Mleta uzi: Na dawa niliyolipia?

Mpima: Ikipulizwa inatua mezani, na mgonjwa akipumua tena virusi vimerudi hewani. Omba wakubadilishie wakupe vichujio. Wakikuletea cha kutoa gesi ya ozoni, kikatae, kinaumiza mapafu.