Naomba ushauri: Nibaki kwenye Minijob au nikubali mkataba wa saa 25 kwa wiki?

Mama_Chumbageni (Hamburg)

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Huu ni mwaka wangu wa sita Hamburg. Mume wangu ni dereva wa basi, na tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Tangu mwaka 2024 nimeajiriwa na kampuni ya usafi ambayo imenipangia hoteli moja karibu na stesheni kuu. Mkataba wangu ni ule ambao Wajerumani huuita Minijob, yaani ajira ndogo ambayo kipato chake, kuanzia Januari hii ya 2026, hakiruhusiwi kuvuka euro 603 kwa mwezi, na ambayo kwa upande wangu haikatwi kodi wala bima ya afya.

Januari hiyohiyo kima cha chini cha sekta ya usafi wa majengo kilipanda kutoka euro 14.25 hadi 15.00 kwa saa, tukafurahi. Haikupita wiki, msimamizi akabandika karatasi mpya kwenye stoo ya mashuka: zamu ya saa 4 iliyokuwa na vyumba 10 sasa ina vyumba 12. Chumba ambacho mgeni bado yumo nakimaliza kwa dakika 15, lakini chumba cha mgeni aliyeondoka, chenye vitanda viwili vya kutandikwa upya, nywele zilizoziba tundu la bafu na makombo ya biskuti hadi chini ya godoro, hakipungui nusu saa hata ukikimbia. Naingia saa mbili na nusu asubuhi, natoka saa nane mchana, na kwenye karatasi ya mahudhurio inaandikwa kwamba nimefanya kazi kwa saa 4 tu.

Sasa nimepewa ofa ya mkataba wa saa 25 kwa wiki, wenye makato yote ya hifadhi ya jamii. Mume wangu anasema nitachoka bure, kwa kuwa niko daraja la tano la kodi na nusu ya nyongeza italiwa, ilhali bima ya afya ninayo tayari kupitia kwake. Wakati huohuo mwenzangu mmoja anapitisha karatasi ya kutaka tuchague baraza la wafanyakazi, yaani wenzetu wa kutuwakilisha mbele ya mwajiri, nami naogopa kutia saini kabla ofa haijathibitishwa. Nasoma kila siku kwamba Umoja wa Ulaya umetunga sheria za kupunguza pengo la kipato. Je, sheria hizo zinamfikia mtu kama mimi, na ningeanzia wapi?

Kibarua_Mstaafu (Dortmund)

Dada, pole kwa kazi. Nilisafisha ofisi na hoteli kwa miaka 14 kabla ya kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo hiyo karatasi ya vyumba naifahamu vizuri. Naomba tufanye hesabu kwanza, maana kabla ya kuamua ubaki kwenye Minijob au uondoke, inabidi tujue kama kweli umo.

Unalipwa saa 4 kwa euro 15, sawa na euro 60 kwa zamu. Unafanya kazi saa tano na nusu. Gawanya, utapata takriban euro 10.90 kwa saa, kiwango ambacho kiko chini ya kima cha sekta yenu na chini hata ya kima cha taifa cha euro 13.90. Mwajiri anaruhusiwa kupanga idadi ya vyumba, lakini idadi hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya saa, kwani kila saa uliyofanya kazi kwa kweli lazima ifikie kima cha chini. Tena viwango vya chini vya mkataba wa hali bora wa usafi wa majengo, uliofungwa kati ya chama cha wafanyakazi cha IG BAU na waajiri, vimetangazwa na serikali kuwa vinazibana kampuni zote za sekta hiyo, pamoja na zile ambazo hazimo katika umoja wa waajiri.

Sasa endelea na hesabu. Ukifanya zamu 10 kwa mwezi, saa zako halisi ni 55, na haki yako ni euro 825. Kiasi hicho kinavuka 603. Kwa hiyo, kwa mujibu wa saa ulizofanya na wala si zile zilizoandikwa, ajira yako si ndogo tena, na ilipaswa kuwa na michango kamili ya hifadhi ya jamii. Nchini Ujerumani michango hiyo huhesabiwa kwa mshahara unaostahili, hata kama hukuupokea. Ndiyo maana hoja kama yako huwashtua waajiri kuliko malalamiko ya kawaida.

Nunua daftari leo. Andika tarehe, saa ya kuingia, mapumziko, saa ya kutoka, namba za vyumba na ni vingapi vilikuwa vya wageni walioondoka. Kisheria mwajiri katika usafi anatakiwa kurekodi mwanzo, mwisho na muda wa kazi ndani ya siku saba na kutunza kumbukumbu hizo kwa miaka miwili, kwa hiyo daftari lako litakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Wanaokagua kima cha chini ni Idara ya Forodha. Wengi wetu hatuijui hiyo, kwa sababu kwetu forodha ni ya makontena bandarini. Forodha wataichunguza kampuni, lakini fedha yako hawatakudai kwa niaba yako. Hiyo utaidai mwenyewe katika mahakama ya kazi, ambako kesi yaweza kufunguliwa bila wakili, na katika ngazi ya kwanza hutalazimishwa kulipa wakili wa mwajiri hata ukishindwa. Kabla ya hapo, waone washauri wa Faire Integration, ambao huwahudumia bure wafanyakazi waliotoka nje ya Ulaya.

Kuhusu baraza la wafanyakazi, mahali pa kazi penye waajiriwa wa kudumu wasiopungua watano panaweza kulichagua, na mwaka huu ni wa uchaguzi wa kawaida, ambao hufanyika kila baada ya miaka minne kati ya Machi na Mei. Wanaoitisha uchaguzi wana ulinzi maalumu dhidi ya kufukuzwa. Hofu yako naielewa, na ukitaka kusubiri ofa ithibitishwe sitakulaumu, ila ujue kwamba karatasi ile ya stoo haitabanduliwa na mtu mmoja.

Mhasibu_wa_Pwani (Frankfurt)

Shemeji yetu dereva ana hoja, lakini amechanganya mambo mawili. Daraja la kodi huamua kinachokatwa kila mwezi tu. Kodi yenu ya mwaka mzima hupigwa kwa kipato cha wote wawili mkishawasilisha taarifa ya kodi. Mkiwa daraja la tatu na la tano, nafuu yote ya ndoa huwekwa kwenye mshahara wake, na makato mazito huangukia kwako. Fedha ya nyumba ni ileile, lakini kwenye hati yako ya mshahara unaonekana kana kwamba kazi yako haina thamani, na wanawake wengi wameacha kazi kwa kuiamini hati hiyo.

Tena kuna hasara isiyorudi. Fao la ukosefu wa ajira ni asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, au 67 kwa mwenye mtoto, na posho ya uzazi nayo huangalia kinachobaki mkononi. Ukiwa daraja la tano, unapokea mafao madogo, na taarifa ya kodi ya mwisho wa mwaka hairekebishi hilo. Ombeni nyote daraja la nne pamoja na kigezo cha mgawanyo, ili kila mmoja akatwe kwa kadiri ya kipato chake.

Saa 25 kwa euro 15 ni kama euro 1,625 kwa mwezi. Kwa kuwa ni chini ya 2,000, mchango wako wa hifadhi ya jamii utakuwa wa punguzo, wakati haki ya pensheni itahesabiwa kwa mshahara wote. Mwaka mmoja wa Minijob, hata ukichangia sehemu yako ya pensheni, hukuongezea takriban euro 5 na ushee kwa mwezi utakapostaafu. Mwaka mmoja wa mkataba huu hukuongezea takriban 15. Na mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa corona, wenye ajira za bima walilipwa fidia ya saa zilizopunguzwa, lakini wa Minijob hawakustahili kitu, kwa kuwa hawakuwa kwenye bima ya ukosefu wa ajira.

Mzawa_wa_Nyali (Copenhagen)

Nijibu swali la dada kuhusu Umoja wa Ulaya, kwa sababu huku Denmark tuliligombania hadi mahakamani. Direktiva (agizo ambalo kila nchi mwanachama huliingiza katika sheria zake) ya Oktoba 2022 kuhusu mishahara ya chini haikupanga kiwango kimoja kwa Ulaya nzima. Inazitaka nchi zenye kima cha chini cha kisheria zipime kama kinatosha, kwa vigezo kama asilimia 60 ya mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake. Kifungu ambacho naona ni kizito zaidi ni kile kinachozitaka nchi ambazo mikataba ya hali bora inawafikia wafanyakazi chini ya asilimia 80 ziandae mpango wa kuongeza idadi hiyo. Ujerumani iko karibu nusu tu. Denmark, ambayo haina kima cha chini cha kisheria na imekuwa ikipanga mishahara kwa makubaliano ya vyama na waajiri tangu mwafaka wa Septemba 1899, iliona Brussels inaingia jikoni kwake, ikafungua kesi mwaka 2023. Novemba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuta vipengele viwili na kuacha sehemu kubwa ya direktiva isimame.

Nimesafisha hoteli hapa pia. Tofauti niliyoiona ni kwamba idadi ya vyumba ilijadiliwa mezani na mwakilishi wetu akiwapo, wala haikubandikwa tu ukutani. Kazi ilikuwa ngumu vilevile, msije mkadhani ni peponi.

Msema_Kweli

Mnampa dada matumaini makubwa mno. Kima cha chini humwinua wa chini kidogo, hakimgusi wa juu. Ujerumani haijatoza kodi ya utajiri tangu mwaka 1997, halafu tunaambiwa pengo linazibwa kwa senti 75 za msafisha vyumba, ambazo nazo zimechukuliwa na vyumba viwili vya ziada.

Kibarua_Mstaafu

Ndugu, kuhusu kodi ya utajiri sina ubishi. Lakini mwaka 2015, kima cha kwanza cha euro 8.50 kilipoanza, walitabiri mamia ya maelfu ya kazi yangepotea, na halikutokea. Niliona watu waliokuwa wakilipwa euro 6 wakipanda mbele ya macho yangu. Kinachomkwamisha dada si bei ya saa. Ni saa zenyewe. Euro 603 ukigawa kwa 15 unapata takriban saa 40 kwa mwezi, na hapo ndipo mlango unapofungwa. Bei ya saa ikipanda, mwenye kazi ya kutwa hupata mshahara mpya, wakati mwenye Minijob husogezewa dari kidogo na kuongezewa vyumba.

Mama_Chumbageni

Nawashukuru sana. Jana usiku nilimwonyesha baba watoto hesabu ya 10.90 na ile ya daraja la nne. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba ninatoka saa nane. Tumeandika ombi la kubadili madaraja. Ofa nitaikubali, lakini nataka iandikwe kwamba muda utahesabiwa kwa saa. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa leo: saa 2:30 hadi 8:05, mapumziko sikupata, vyumba 12, saba vya wageni walioondoka. Karatasi ya mwenzangu bado sijatia saini. Je, nikidai saa za Januari sasa, ofa yaweza kuondolewa?

Kibarua_Mstaafu

Yaweza, kama bado haijasainiwa. Saini mkataba kwanza, na nakala ibaki nyumbani kwako. Dai la kima cha chini halifi ndani ya mwezi mmoja. Sheria inakupa miaka mitatu inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka husika. Ila chama jiunge wiki hii, kwa sababu msaada wa wakili hauanzi siku ileile unayojiunga.