Watoto, wake na wajukuu wa wanajeshi wa Mtwara na Lindi: mila za kwetu mlizishikaje huko kambini? Tupeane uzoefu

BintiWaNewala (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mtwara kuchele!

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaona mkuki, ngao na mashada ya maua yakiwekwa mnarani, wimbo wa taifa unapigwa, halafu watu wanatawanyika. Nyumba alikotoka yule askari haisemwi. Nani alimpokea akirudi likizo, nani alimchezea ngoma bintiye, nani alilima shamba lake. Hayo ndiyo nataka tuyasimulie hapa.

Mimi ni mtoto wa kota, yaani nimekulia kwenye nyumba za wanajeshi kambini. Baba ni Mmakonde wa Newala, mama ni Mmakua wa Masasi, na nimezaliwa Arusha kwa sababu ndiko baba alikokuwa amepangiwa. Uhamisho ukija tunafunga masanduku ya bati, tunaanza shule nyingine. Inaniuma sana mtu akisema watoto wa kota hatuna kwetu. Kwetu tulikuwa tunakujua hata kabla hatujakuona, kwa sababu mama alikataa kupotea. Ndani ya nyumba yetu ugali ulikuwa wa muhogo, na majirani wa Kilimanjaro na Mara walizoea. Akija mtu kutoka Kusini lazima abebe korosho na ming'oko. Ile mizizi ilikuwa inafika imenyauka, na bado udongo mwekundu wa Newala umeganda kwenye maganda yake. Mama anailoweka, anaiosha mmoja mmoja, anaipanga kwenye sufuria na kuifunika barabara, halafu anatuita wote tumenye pamoja huku anatutajia ukoo: huyu ni dada wa bibi yako, huyu ndiye mjomba wako mkubwa, huyu usimwite jina.

Wadogo hawajui kwamba kabla Daraja la Mkapa la Mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, masika ikikolea Kusini ilikuwa inakatika. Mzigo unakwama njiani, barua inakwama, na askari aliyepewa likizo fupi anaweza kuimalizia barabarani. Kuna misiba ya kwetu baba aliisikia watu wameshaanua matanga.

Karibuni. Msiogope kuandika kirefu.

MpwaWaAfande

Dada, umegusa penyewe. Nitasema jambo ambalo watu wa mikoa mingine huwa hawalielewi. Sisi Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Jando la mpwa halifanyiki kienyeji tu bila mjomba kujua. Sasa weka hapo jeshi. Kwenye karatasi za jeshi wanaandikwa mke na watoto. Wapwa hawamo. Afande hawezi kwenda kwa mkubwa wake akasema "naomba ruhusa, watoto wa dada yangu wanaingia jandoni" akategemea kusikilizwa kama vile ni mwanawe.

Mjomba wetu alikuwa koplo, kambi yake ilikuwa Ngerengere. Sisi tuko Tandahimba. Mavuno yakiisha, wazee wanaanza kuuliza: vipi, anakuja? Mama anajibu ameandika, tusubiri. Mwaka unapita, wenzetu wanaingia, sisi tunabaki tunachekwa kisimani. Babu mmoja akashauri aje mjomba mwingine mdogo asimamie. Mama alikataa katakata. Alisema kaka yangu yuko hai, yuko kazini, hajafa.

Alipokuja alikuja usiku, kwa lori la korosho, na kombati yake imejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Sikuwahi kumwona mtu mzima akinawa uso kwa muda mrefu vile. Akavua buti akaziweka nyuma ya mlango, akaomba shuka, akatoka kwenda kukaa na wazee hadi alfajiri. Kesho yake hakuna aliyemwita afande. Alikuwa mjomba tu. Alikaa kwenye kigoda, akaulizwa maneno na kujibu, akatoa alichotakiwa kutoa. Siku yetu ya kutoka tulivaa mashati aliyotununulia Morogoro, meupe, yote yametuzidi kimo.

Nawaambia ndugu zangu mnaovaa magwanda leo: kama wewe ni mjomba wa watu, mpigie simu dada yako. Kutuma hela ni jambo jema, lakini watoto wanasubiri jina lako litajwe pale.

MjukuuWaKeya

Naleta la zamani kidogo. Sisi ni wa upande wa Nyangao, Lindi. Bibi mzaa bibi alisimulia vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, Mjerumani na Mwingereza wakipigana kwenye mashamba ya watu, na pande zote mbili waliojaa mbele ni askari weusi. Raia walikimbilia porini na chakula kikabaki kwa wapiganaji.

Babu yangu mwenyewe alikuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza (King's African Rifles), akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw wakati wa mvua. Alikuwa anazungumzia zaidi ruba na matope kuliko Wajapani. Aliporudi alileta blanketi zito la kijivu. Lile blanketi lilifunika wagonjwa wa ukoo mzima, na likichanika bibi analishona.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni beni. Hii ngoma ilikwenda na askari, na Lindi ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, wanashindana kwa mavazi, kwa mwendo na kwa nyimbo. Wachezaji wanapeana vyeo vya kijeshi na wanapiga hatua kama gwaride. Babu ndiye aliyekuwa anawanyoosha vijana mistari. Wapo wanaosema ilikuwa kumwiga mzungu. Mimi sikubali. Ukiwasikia wazee wenyewe, ilikuwa namna ya kupeana heshima na kusaidiana, kwani chama cha beni kilikuwa kinazika watu wake na kuchangia harusi.

BintiWaNewala

Mjukuu wa Keya, zile nyimbo anazijua nani sasa hivi? Tafadhali kama yupo mzee, mrekodi hata kwa simu. Tusiache.

NachingweaYetu

Kwetu vita ilikuwa jirani. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao ya mafunzo Nachingwea, Shamba 17, kwenye ardhi iliyobaki baada ya ule mradi wa karanga wa Mwingereza kuanguka. Baba alikuwa askari wa JWTZ, mama ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alivuka na wazazi wake wakikimbia Mreno. Basi nyumbani kukawa na mvutano mtamu. Ng'ambo kinyago cha kuvaa wanakiita lipiko, upande huu watu wanasema midimu, na kila mmoja anadai chake ndicho cha asili. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, ndugu wengi wa mama walirudi. Yeye alibaki na mumewe. Hadi leo harusi ya kwetu haiandikiwi tarehe mpaka watu wa ng'ambo wajulishwe.

MtotoWaNaliendele

Mimi si wa Kusini kwa damu. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, alifia Msumbiji kwenye miaka ya 80 vijana wetu walipokwenda kusaidia kupambana na waasi wa RENAMO. Amezikwa makaburi ya mashujaa Naliendele, huku Mtwara. Tabora waliweka matanga bila maiti. Bibi yangu hakuridhika. Alisema mtoto wangu nimemlilia hewani.

Mama alifunga safari na sisi wadogo kuja kuliona kaburi. Tulipokewa na familia ya Kimakonde, mume naye alikuwa mwanajeshi, hatukuwa tunajuana. Mama alipanga kukaa siku chache. Alipofika pale akasoma jina, akakaa chini, akaanza kung'oa majani kwa mkono pembeni ya kaburi, kimya, mpaka yule mama mwenyeji akainama naye wakang'oa wote. Hatukurudi Tabora kuishi. Mama alipanga chumba, akauza vitumbua, akawa mtu wa Mtwara.

Nilipovunja ungo, yule mama mwenyeji alikuja kwa heshima kumwomba mama ruhusa nichezwe unyago pamoja na bintiye. Mama alisita, Tabora si mambo yetu hayo kwa namna ile. Akapiga hodi kwa shangazi kwa barua. Shangazi akajibu: aliyekulindia kaburi la kaka yangu, mpe mtoto. Nikawa mwali. Ndiyo maana leo nikiulizwa kabila ninachukua muda kidogo kabla ya kujibu, na kwa kweli sioni haja ya kuchagua.

Julai 25 sisi hufika mapema, kabla ya viongozi, tunasafisha na kumsomea baba dua.

BintiWaNewala

Dada yangu, nimesoma mara mbili. Mungu amrehemu mzee. Nikija Mtwara nitaomba unipeleke.

MkeWaAskari_Lindi

Wengi mnaongelea wazee, ngoja niseme ya sasa. Mume wangu amewahi kwenda Kongo na vikosi vya kulinda amani. Desemba 7, 2017, walipouawa wanajeshi wetu 14 kule Semuliki, yeye hakuwa huko, lakini sisi wake tunaofahamiana tulikesha tunapigiana simu kwa majina.

Mkorosho haujui kwamba mwenye shamba yuko kazini. Msimu wa kupulizia salfa ukifika ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri, ukichelewa maua yanakauka. Nimejifunza kubeba bomba mgongoni, kusimamia vibarua, na kupeleka mzigo chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima. Mwanzoni karani aliniuliza "mwenye shamba yuko wapi?" Nikamwambia ndiye huyu.

Na mila nazo zinanidai. Mkwe akifiwa mimi ndiye naenda kwa niaba ya nyumba, nalala chini na wafiwa, nachanga. Mume anapiga simu anaulizia, nani alikuja, nani hakuja, mmepika nini. Anataka kila kitu. Nikimwelezea mpaka chumvi ilivyozidi kwenye mbaazi, nasikia anavyotulia.

KotaDodoma

Naombeni msaada wa haraka. Mimi ni Mmwera wa Ruangwa, mume yuko jeshini Dodoma, binti yangu amekua. Huku hakuna kungwi wa kwetu. Nampelekaje bila kuharibu shule?

MpwaWaAfande

Siku hizi wengi wanasubiri likizo ya Desemba. Ongea na kaka yako kwanza, yeye ndiye wa kulianzisha. Na wavulana wapelekwe hospitali kutahiriwa, mafundisho yafuate nyumbani, wazee wengi wameshakubali.

MkeWaAskari_Lindi

KotaDodoma, niko Ruangwa mara kwa mara. Taja kata yenu kwa ujumbe wa pembeni nikuulizie mama anayefundisha vizuri, asiye na lugha ya kutisha watoto. Ila wahi, Novemba watu wote wako kwenye korosho na huwapati.