Wazee walisoma bure, sisi tunasaini deni. Hii ilibadilikaje?

Swali
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kapata nafasi chuo, hela ya kulipa yote hatuna, na fomu ya mkopo ishakuja. Mzee hataki kabisa kusikia, anasema enzi zake serikali ndo ilikuwa inalipa na hela ya kujikimu unapewa juu, sasa inakuwaje mtoto adaiwe hata darasani hajakanyaga. Hivi ilibadilikaje? Na dogo asaini au asubiri?

Jibu la 1
Mzee hakosei mkuu. Zamani waliokuwa wanaingia chuo ni wachache so serikali iliwamudu, wanafunzi walivyoongezeka bajeti haikuongezeka kwa kasi ile, mzigo ukahamia kwa mwanafunzi. Angalia Uingereza, ada ilikuwa inalipwa na serikali, 1998 wakaanza kutoza hadi pauni 1,000 kwa mwaka, England 2006 ikafika 3,000, 2012 ikapanda hadi 9,000. Yaani miaka 14 tu! Australia walishaanza kuchangisha wanafunzi tangu 1989. Ila msiambiwe haiwezekani kurudi nyuma, Ujerumani majimbo kadhaa yalianza kutoza, wananchi wakakataa, kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa yameshaifuta ile ada. Kwa hiyo ni uamuzi wa kisiasa, na mimi naamini tusiache kuudai.

Jibu la 2
Historia sawa ila dogo anatakiwa ajibu fomu sasa hivi. Kabla hamjaangalia kiasi cha mkopo angalieni unarudishwaje, hapo ndo watu wanaumia. Kuna mkopo unakatwa kulingana na kipato, mfano England ni asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani cha mshahara, huna kazi hukatwi, na miaka ikifika deni linafutwa. Na kuna ule wa benki, rejesho ni lile lile kila mwezi uwe na kazi usiwe nayo, na mdhamini anafuatwa. Hii miwili mtu asikwambie ni kitu kimoja. Pia ulizeni riba inaanza lini, maana mikopo mingine inaanza kuhesabu siku hela inatoka, dogo anamaliza mwaka wa mwisho deni limeshavimba na hajapata hata usaili.

Jibu la 3
Naongezea, wanaoteseka zaidi ni walioishia njiani, deni wanalo cheti hawana. Kama hana uhakika na kozi bora aahirishe kuliko kuingia ilimradi. Na mwambieni aombe ufadhili hata ule mdogo mdogo, watu wanaudharau wakati hauna kurudisha.

Muulizaji
Asanteni sana wakuu. Nimeusoma tena mkataba, riba inaanza siku ya kwanza kweli, na nafasi ya mdhamini wameandika jina la mama bila kumuuliza. Hatusaini mpaka watujibu kwa maandishi.