Tupeane uzoefu: mtoto mwenye usonji au ADHD (shida ya kutulia na kuwa makini), shule zinapofungwa na kufunguliwa

Mwanzisha uzi: Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, habari zenu. Julai shule zinafunguliwa baridi ikiwa kali, na watoto wetu hawa mabadiliko yanawayumbisha kuliko wenzao. Tuwekeane hatua, na pale zinapokwama. Zile za "ataacha akikua" tumeshazisikia.

Mama Uyole: Anzeni na usingizi. Likizoni analala saa 4, shule inataka saa 2: hizo ni dakika 120. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku mbili, kwa hiyo siku 16 kabla ya kufungua uwe umeanza. Tangulia kumwamsha mapema. Kulala huwezi kumlazimisha, kuamka unaweza. Ukimlaza mapema usiku wa mwisho tu, atakodoa macho hadi saa 6, asubuhi ni vita.

Fundi Mwanjelwa: Mimi nasemea sweta. Anayelikataa msimwite mkaidi, linamwasha kweli. Jipya lifueni mara tatu nne kabla ya kuvaliwa. Lebo ya shingoni msiikate kwa mkasi, maana kile kipande kinachobaki kwenye mshono kinachoma kuliko lebo yenyewe. Fumua nyuzi kwa ncha ya wembe, lebo itoke yote, kisha rudishia mshono. Ndani avae fulana ya pamba ya mikono mirefu, aivae nje ndani ili mishono isiguse ngozi. Soksi vilevile. Alijaribie nyumbani dakika 10 akiwa kwenye mchezo anaoupenda, kesho yake uongeze.

Mwl. Mafinga: Fundi, hapo kwenye lebo umemaliza.
Wazazi, ombeni kwa mwalimu mkuu mje siku mbili tatu kabla, madarasa yakiwa matupu. Mtembeze kutoka getini hadi kwenye dawati, halafu chooni. Choo ndicho kinachosahaulika. Giza na harufu vinamfanya ajizuie hadi mchana, ajikojolee, achekwe, kesho hataki shule, na nyumbani mnatafuta sababu kwingine.
Barua kwa mwalimu wa darasa iwe nusu ukurasa: kinachomvuruga, dalili za mwanzo, kinachomtuliza. Faili nene halisomwi na mwenye darasa lililofurika. Dawati liwe mbele, mbali na mlango na ile rimu ya gari tunayoigonga kama kengele. Wa ADHD apewe kazi ya kuinuka: kufuta ubao, kukusanya madaftari.

Baba Makambako: Kalenda ya kufuta siku zilizobaki kabla ya kufungua iwe ya siku 10 za mwisho tu. Ya mwezi mzima inamrefushia hofu.

Mama Uyole: Wanaokwenda kwa bibi Kyela, bebeni sahani yake na blanketi lake bila kulifua, harufu ndiyo inayomtuliza. Bibi aambiwe mapema asimlazimishe kushikana mikono na kila mgeni. Ambaye mtoto wake ana kifafa pia na anatumia dawa zake, hesabuni vidonge kabla ya kupanda basi. Dawa haina likizo.

Mwanzisha uzi: Na Januari je, Mwalimu?

Mwl. Mafinga: Januari kazi ni mvua juu ya bati, hata mimi sisikiki. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana vifunika masikio vya mafundi wa kukata vyuma. Tafuta vinavyokaa sawasawa kwenye kichwa cha mtoto. Avae mvua ikipiga, avue ikikatika. Akishinda navyo, masikio yanazoea ukimya na hata kiti kikiburuzwa anaruka.