Namfundisha mama wa Kiitaliano Kiingereza, "pick up" imenishinda

Kijana_wa_Malindi: Wadau, nisaidieni. Kazi yangu ni kutembeza wageni, Gedi na Marafa. Kiitaliano nimekiokota ufukweni tangu utotoni kama wengi wa huku, darasani sikukaa. Sasa kuna mama mmoja mstaafu kahamia hapa, namfundisha Kiingereza mara mbili kwa wiki. Tulipofika kwenye *pick up* nikamwambia ni *raccogliere*, kuokota. Akaandika daftarini. Jana dereva wa tuktuk kamtumia ujumbe: "I will pick you up at four." Mama kanijia mbio: "Aniokote kwani nimeanguka?" Nikamwongezea maana nyingine tatu, ndiyo kachanganyikiwa kabisa. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Trela: Mwambie ni gari la kubebea nazi, mmalize 😂

Dada_Bologna: Kaka, usimpe orodha. Anza na kitu anachokila: *tiramisù*. Ni *tira*, *mi*, *su*, yaani nivute juu, nitie nguvu. Waingereza nao kitu cha kumchangamsha mtu wanakiita *pick-me-up*. Kwa hiyo kitenzi chenye kijineno nyuma si kigeni kwake, lugha yake inavyo tele: *buttare giù*, *portare via*, *mettere su*. Mtoto akianguka, Mwitaliano husema *tirare su*, na hapo *pick up* inakaa sawasawa.

Ila asiende nayo mbali. *Tirare su un figlio* ni kulea mtoto, na kwa Kiingereza hiyo ni *bring up*. Mimi nilishawahi kuliteleza hilo mbele ya watu.

Ya dereva ni *passare a prendere*, kumpitia mtu. Mpe hiyo kwanza maana ndiyo ataitumia kila siku. Kupata mafua, *pick up a cold*, ni *prendere* tu. Kupokea simu, *rispondere*. Na ile ya kujifunza lugha bila mwalimu, mfano ni wewe mwenyewe: "I picked up Italian on the beach." Yeye atasema *imparare*, lakini mweleze kwamba *pick up* ina ile ladha ya kudokoadokoa, hukukusudia.

Mwalimu_Mstaafu: Dada kasema vyema. Naongeza la mpangilio, maana hapo ndipo wanafunzi huanguka. Ukitaja kitu chenyewe, njia zote mbili ni sawa: *pick up the keys*, *pick the keys up*. Ukiweka kiwakilishi, lazima kikae katikati: *pick them up*. *Pick up them* ni kosa. Mwitaliano asikuambie ni ngumu, kwao husema *tiralo su*, kivute juu, *lo* ndiyo kiwakilishi, hakuna anayesema *tira su lo*. Hata sisi "kiokote", ki iko mbele ya mzizi, hatuitupi mwisho.

Mtoto_wa_Watamu: Mmesahau ile hatari 😅 *Pick up* ni kutongoza pia, Waitaliano husema *rimorchiare*, neno lile lile la kukokota trela. "He picked me up from the bar," kaja kunichukua. "He picked me up at the bar," watu watacheka. Kijineno kimoja tu. Mama wa watu asije akamweleza jirani habari za dereva wa tuktuk.

Mzee_wa_Trela: Trela! Nilijua nitahusika.

Kijana_wa_Malindi: Asanteni sana, Mwalimu na Dada Bologna hasa. Leo nimeanza na *tiramisù*, mama kacheka mpaka kaweka kalamu chini. Kasema miaka yote anaila hajawahi kuikata vipande vitatu. *Passare a prendere* kaidaka papo hapo. Ya baa nimeipita haraka, ni mtu wa umri wa mama yangu, nimeona haya.

Mwisho nikamwambia amwandikie dereva mwenyewe, bila mimi. Kaandika, katuma, kanionyesha kwa fahari: "Pick up me at four."

Dereva alifika saa kumi kamili. *Tiralo su* tunaifanya Alhamisi.