Mjadala: Filamu ya vita inayochekesha, tuwaonyeshe watoto wa Goma?

Mwanzisha mada, Katindo

Wazazi wenzangu, naleta swali lililotugawa katika ukumbi wa parokia yetu. Vijana wamependekeza familia zitazame pamoja *La vita è bella*, filamu ya Roberto Benigni ya mwaka 1997. (Si ile ya mwanamuziki Papa Wemba ya 1987, aliyoiongoza Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy. Kwa Kifaransa zina jina moja, na wengi walidhani ndiyo hiyo.) Baadhi ya wazazi wamekubali. Wengine wanasema vita si kitu cha kuchezea, na watoto waliolala chini ya vitanda wakati wa mapigano ya Goma Januari 2025 hawana haja ya kuonyeshwa kambi ya Wanazi.

Kwa ambaye hajaiona: Guido, Myahudi wa Italia, anakamatwa pamoja na mwanawe mdogo Giosuè na kupelekwa kwenye kambi ya Wanazi. Mkewe Dora, ambaye si Myahudi, anadai apandishwe treni ileile. Baba anamwambia mtoto kwamba yote ni mchezo: atakayefikisha pointi 1,000 atapewa kifaru cha kweli. Ukilia, ukimwita mama, ukisema una njaa, unapoteza pointi.

Mimi nasema ionyeshwe, na naitetea hasa kwa sababu inachekesha. Mtazameni daktari Lessing. Mwanzoni Guido ni mhudumu hotelini, na huyu daktari Mjerumani ni mteja anayependa vitendawili kupita kiasi. Wanategeana, wanateguliana, nasi tunacheka. Baadaye wanakutana kambini. Daktari anamtambua, anampa kazi ya kuhudumu kwenye karamu ya maofisa, kisha anamvuta pembeni kwa siri. Guido anaamini njia ya kutoka imepatikana. Naye daktari anataka nini? Asaidiwe kutegua kitendawili kinachomkosesha usingizi. Basi.

Mtu huyo hamchukii Guido. Anampenda kwa akili na utani wake, na bado hamwoni kuwa binadamu anayekaribia kufa mbele yake. Sijui filamu ya machozi matupu iliyonionyesha ukatili wa mtu mstaarabu kwa namna hiyo. Na isingewezekana kama sisi wenyewe hatukucheka naye kwanza pale hotelini.

Mama wa Ndosho

Mwanangu, juu ya daktari umesema vema. Mimi nazungumzia mtoto. Tarehe 16 Oktoba 1943 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Roma. Zaidi ya elfu moja walipelekwa Auschwitz, wakarudi 16. Walikuwamo watoto zaidi ya 200, hakurudi hata mmoja. Filamu inamficha mtoto kwenye bweni la wanaume, anakula, anauliza maswali, na mwisho anatoka akicheka. Huo ni uongo, hata ukiwa mtamu.

Mabomu yalipoangukia wakimbizi wa Mugunga Mei 2024, je, wazazi wale walikosa upendo? Walikosa werevu? Mwanangu wa miaka saba akitazama hiyo, ataniuliza kwa nini baba wa mtoto fulani hakuanzisha mchezo ili mtoto wake apone. Nitamjibu nini?

Kijana wa Kadutu, Bukavu

Naungana na mama. Charlie Chaplin alimcheka Hitler katika filamu yake ya mwaka 1940, na baadaye akaandika katika kumbukumbu zake kwamba kama angejua yaliyokuwa yakitendeka kambini, asingeweza kutengeneza filamu ile. Benigni alijua yote, na akaendelea.

Mwanzisha mada, Katindo

Mama, swali lako ni zito kuliko yote yaliyosemwa ukumbini, na nalijibu kwa filamu yenyewe. Mchezo haumwokoi mtoto. Siku watoto wenzake wanapopelekwa "kuoga", yaani kuuawa kwa gesi, yeye anatoroka kwa sababu tu hapendi kuoga. Ni bahati, na filamu haifichi kwamba ni bahati. Mjomba Eliseo, mzee mpole asiyemdhuru mtu, anauawa mara tu wanapofika. Guido mwenyewe anapigwa risasi usiku wa mwisho. Kazi ya mchezo ni moja: mtoto asiione hofu usoni mwa baba yake.

Kazi hiyo tunaifahamu hapa. Ni wangapi kati yetu waliowaambia watoto kwamba ni radi, ni volkano ya Nyiragongo inanguruma, laleni? Hatukusema hivyo tukidhani bomu litaikosa nyumba. Tulisema kwa sababu kulikuwa hakuna kingine cha kuwapa usiku ule.

Na wewe kijana, Chaplin alikuwa akimcheka dikteta. Hapa anayechekesha ni mfungwa. Baba yake Benigni, Luigi, alifungwa katika kambi ya Wajerumani, na alipowasimulia wanawe alitia utani ili wasiogope. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba ametumia vibaya mateso yake. Nawaonea uchungu pia vijana wetu wanaoshika kamera hapa Kivu. Wageni wakija kupiga picha makambini walichagua machozi, kana kwamba chini ya yale maturubai hakuna aliyewahi kumtania jirani yake. Walitaniana sana. Kwenye matanga yetu pia watu hulia na kucheka usiku mmoja, na hakuna anayesema marehemu amedharauliwa.

Ila kuhusu mtoto wa miaka saba nasimama na wewe, mama. Filamu hii inamtaka mtazamaji aujue ukweli ambao Giosuè haujui, na mtoto mdogo atashika mchezo peke yake. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kwanza wazazi peke yao, kisha kila mzazi aamue kuhusu vijana wake wa miaka 12 kwenda juu, na wadogo wasiwepo. Na hesabu ya watoto wa Roma isomwe kwa sauti kabla filamu haijaanza. Mama, ningependa uisome wewe.