Shokapu za umeme kwenye pikipiki za theluji: tunauziwa swichi, tunaambiwa ni akili

Wakuu, leo tuambiane ukweli. Kila theluji ikikaribia swali ni lilelile: niongeze hela nichukue yenye shokapu za umeme, au nibaki na za kawaida? Na majibu ni yaleyale ya kwenye vipeperushi: inasoma njia, inajirekebisha yenyewe, matuta huyasikii. Inachosha. Nusu ya hayo ni kweli kwa mashine chache, nusu nyingine ni kumsahaulisha mnunuzi kushika spana.

Jina ni moja ila vitu ni viwili. Kuna shokapu ya kitufe. Ina hatua tatu, laini, wastani na ngumu. Unabonyeza kwenye usukani, vali inageuka, habari imeisha. ATAC ya Arctic Cat ni ya aina hii. Haisomi chochote. Ukiiacha kwenye laini ukaingia kwenye matuta makubwa itagonga mwisho, na itaendelea kugonga mpaka ubonyeze mwenyewe. Kisha kuna inayojirekebisha kweli, kama Smart-Shox ya Ski-Doo: ina sensa, ina kompyuta, na vali zinafunguka na kujibana wakati wote bila wewe kugusa kitu. Muuzaji anayeziita zote mbili kwa jina moja anakupiga mchana kweupe, na wengi wanapigwa.

Hoja yangu kubwa lakini ni nyingine. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa springi. Uzito wako unabebwa na springi. Vali inaamua tu oili ipite kwa kasi gani. Mtu wa kilo 110 akikalia mashine iliyofungwa springi za mtu wa kilo 80, nyuma inalala, ski za mbele zinakuwa nyepesi, na kwenye kona mashine inanyooka kwenda porini. Anabonyeza "ngumu". Nyuma bado imelala, sasa inalala taratibu tu, na vijituta vidogo vyote vinapanda hadi kiunoni. Halafu anarudi kulalamika kwamba mfumo ni mbovu, wakati haujaguswa na spana tangu utoke kwenye boksi.

Fanyeni hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kwa sekunde. Matuta yakiwa na nafasi ya mita 2, unapiga 11 kila sekunde. Kila tuta linaipa shokapu chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kuzama na kurudi. Ikiwa springi imelegea na mashine ilishaanza safari ikiwa chini, kila tuta linaikuta haijarudi yote, linaibana kidogo zaidi, na baada ya matuta machache imefika mwisho. Kwenye ile yenye akili, kompyuta inaona mwisho unakaribia, inakaza vali. Dereva anahisi jiwe. Imefanya kazi yake vizuri kabisa, kwenye mashine iliyofungwa vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kulipia umeme, fanya hivi. Nyanyua bampa ya nyuma mpaka sasipensheni inyooke yote, bila kuinua mkanda (ule unaozunguka nyuma na kuisukuma mashine) kutoka chini. Pima kutoka chini hadi bampa. Panda ukiwa na nguo zako zote za safari, helmeti na begi. Jirushe kidogo kwenye kiti, tulia, mwenzako apime tena. Tofauti ndiyo kiasi inacholala. Vitabu vya baadhi ya mashine vinataka milimita 50 hadi 75. Angalia cha kwako, usichukue namba ya jirani. Inalala zaidi, ongeza mbano wa springi za nyuma, kushoto na kulia sawasawa. Kama umefika mbano wa mwisho na bado inalala, hiyo springi si yako, nunua nzito zaidi. Springi nzito ni bei ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya mashine ya umeme na ya kawaida.

Nyuma ikishakaa sawa ndipo uje mbele. Mshipi wa kikomo, ule unaozuia mkono wa mbele wa mkanda usishuke, ukiufupisha tundu moja ski zinapata uzito zaidi na kona inashika. Ukiurefusha mashine inaondoka kwa nguvu lakini ski zinaelea. Tundu moja kwa wakati, kisha ujaribu. Kuna watu wanafupisha mshipi matundu mawili, wanaongeza springi za ski na wanabadili modi, vyote asubuhi moja, halafu wanauliza humu kipi kimeharibu!

Tuje kwenye waya, maana hapa ndipo watu wanalizwa. Shokapu mbili za mbele, za kwenye ski, waya zake ziko pazuri. Ya nyuma, na ya kati kama nayo ni ya umeme, ziko ndani ya mkanda, kati ya reli mbili ambazo mkanda unateleza chini yake, mahali penye maji, theluji ya matope na barafu inayoganda kila ukisimama kunywa chai. Waya unatoka kwenye fremu isiyocheza kwenda kwenye mkono unaocheza. Ukiwa mfupi unakatika sasipensheni ikinyooka. Ukilegea unakamatwa na bonge la barafu au unasuguana na mkono mpaka ganda linaisha. Kwanza taa ya onyo kwenye dashibodi inawaka na kuzima, hasa kwenye matuta. Baadaye inawaka moja kwa moja, na mfumo unaganda kwenye hali moja iliyopangwa na kiwanda. Soma kitabu ujue mashine yako inaganda wapi, laini au ngumu, maana kuendesha kilomita 100 za kurudi kwenye hali usiyoitegemea si mchezo.

Anayesema inalipa kwa kila mtu, aje na hoja. Picha za dashibodi hatuzitaki.

Reli_Mbili:
Mkuu, kwenye springi sikupingi. Ila umevuta kamba upande wako mno. Shokapu ya kawaida yenye hatua tatu za mkono inataka usimame, uvue glavu, uiname. Za mbele unazifikia. Ya kati je? Iko ndani ya mkanda, imejaa barafu, na kitasa chake hakigeuki. Matokeo yake watu wanairekebisha Novemba, wanaiacha hivyo mpaka Machi. Asubuhi njia imetoka kulainishwa na mashine, ngumu kama meza. Mchana kila kona ina matuta ya magoti. Hizo ni njia mbili tofauti kwa siku moja. Anayebonyeza kwa kidole gumba bila kupunguza mwendo amepata kitu ambacho wa kitasa hana, hata kama ni hatua tatu tu.

Na ile ya sensa ina kazi ambazo kitufe hakiwezi. Ukifunga breki, mbele inakazwa isiinamie chini. Kwenye kona shokapu ya nje inabanwa ili mashine isilale, halafu ukitoka konani inalegezwa. Ukibonyeza "ngumu" kwa sababu ya kona, unalipia ugumu huo kwenye njia yote iliyonyooka. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa kwa anayetembea kasi kwenye njia zenye kona nyingi.

Mleta uzi:
Reli_Mbili, hapo kwenye shokapu ya kati umenipata, nakubali. Breki na kona pia nakubali, kwa ile ya sensa peke yake. Lakini angalia umeelezea nani: mtu wa njia zilizopigwa, wa kasi, wa masafa marefu. Huyo ndiye mteja. Wanaouziwa ni wote, hadi anayekwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda.

Unga Mpaka Kifuani:
Watu wa milimani msisumbuke. Kwenye theluji nzito ya unga theluji yenyewe ndiyo shokapu. Tunachotaka ni wepesi na mashine inayopanda juu ya unga badala ya kuchimba, na hilo linatoka kwenye mkanda, mshipi wa kikomo na uzito. Kilo za sensa na waya ni za kubeba bure. Nyingi za milimani hata haziletwi na mfumo huo kiwandani.

Fundi wa Sili:
Niongeze upande wa benchi, maana taa ikiwaka watu wanakimbilia kununua shokapu nzima, na mara nyingi tatizo ni plagi.

Anza na macho. Yeyusha barafu yote ndani ya mkanda, kausha. Fuata waya kutoka kwenye shokapu hadi kwenye fremu kwa vidole, usitazame tu. Ganda lililochubuka chini ya kibano halionekani, unalihisi kwa vidole. Chomoa plagi. Ukiona pini zina kijani au unyevu, umepata. Safisha kwa dawa ya kusafishia plagi za umeme, kausha, paka grisi isiyopitisha umeme kwenye mpira wa kuzuia maji, kiasi kidogo tu. Ukiijaza, plagi haifungi hadi mwisho na unajitengenezea tatizo jipya.

Plagi ikiwa safi, weka testa kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pima pini mbili za upande wa shokapu. Linganisha kushoto na kulia, zote zikiwa na joto moja, maana namba hubadilika na baridi. Zikilingana, koili, ile inayosogeza vali kwa umeme, ni nzima. Tafuta kwenye waya au kompyuta. Testa ikionyesha njia imekatika, koili au waya wake umekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, imeshoti ndani. Ukiwa umeshika testa, tikisa waya taratibu. Namba ikirukaruka, umeushika mchawi wako.

Kwenye zenye sensa ya mkono, angalia kijiti kinachounganisha sensa na mkono wa sasipensheni. Barafu inakikunja. Kikikunjwa hata kidogo, kompyuta inadhani mashine imelala wakati imesimama, inakaza pasipo sababu, na taa inaweza isiwake kabisa, kwa sababu sensa inatoa namba iliyo ndani ya mipaka. Dereva analalamika "imekuwa ngumu ghafla" na kifaa cha kusomea makosa hakina kosa lolote. Ukibadilisha sensa, iweke upya sifuri kwa utaratibu wa kitabu, la sivyo umehamisha tatizo.

Halafu msisahau, za umeme nazo ni shokapu kama zingine. Oili inachakaa, sili zinavuja, gesi ya naitrojeni iliyo ndani inapungua. Ukitoa springi na kusukuma fimbo ndani, inatakiwa itoke yenyewe taratibu. Isipotoka, gesi imekwisha. Oili inatoa povu ikipata joto na shokapu inalegea baada ya dakika chache za matuta. Kompyuta hairekebishi povu. Bushi za mikono zikiwa kavu ni hivyohivyo: sasipensheni inakwama kabla vali haijapata nafasi ya kufanya lolote. Piga grisi kwenye nipo zote za kuingizia grisi mpaka ya zamani itoke na maji yake.

Tofauti inakuja kwenye ukarabati. Ya kawaida, fundi yeyote mwenye naitrojeni na seti ya sili anaifungua, na akitaka anabadilisha washa nyembamba za kwenye pistoni ikufae kwa uzito wako. Ya umeme ina koili na waya wa kulinda wakati wa kufungua, na mipaka ya ulaini na ugumu imeandikwa kwenye programu usiyoweza kuigusa. Ikikukataa, imekukataa.

Bampa Chini:
Fundi, na mtu anayenunua iliyotumika?

Fundi wa Sili:
Uliza vipuri kabla ya bei. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha biashara ya pikipiki za theluji, na matoleo ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Amerika Kaskazini. Springi na sili utazipata popote hata kampuni ikiondoka. Moduli, yaani kompyuta ya shokapu yenye programu yake, ni habari nyingine. Tafuta namba ya kipuri cha moduli na ya shokapu ya kati, uliza kama vipo dukani leo.

Mleta uzi:
Naongezea hapo. Ikague ikiwa ya baridi, haijawashwa. Washa, hakikisha taa ya mfumo inawaka kisha inazima. Taa isiyowaka kabisa inawezekana imezibwa. Kama ni ya kitufe, weka laini, kandamiza bampa ya nyuma kwa uzito wako wote, kisha weka ngumu urudie. Usipohisi tofauti, ama vali haigeuki ama gesi imekwisha. Lala chini uangalie fimbo ya shokapu ya kati kwa tochi: oili mbichi juu yake ni sili. Angalia waya kama una viungo vya tepu. Na slaidi za plastiki chini ya reli. Zikiwa zimeisha kabisa, mwenye mashine hakuwa mtu wa kufungua kitabu. Kama ni ya sensa, omba kifaa kisomwe mbele yako na uone makosa ya zamani, si yale ya leo tu, kwa sababu ya leo hufutwa kwa sekunde mbili kabla hujafika.

Akikataa kusoma makosa, mpe bei ya mashine ya shokapu za kawaida, utoe humo na gharama ya shokapu nne.